Mbona Kwangu Inafanya?

Hebu tuongee ukweli leo. Kuna maneno matatu ambayo kila anayejifunza kuandika programu amewahi kuyasikia, na pengine kuyatamka bila kufikiria: "Mbona kwangu inafanya?" Yaani mtu amekuletea programu yake, imekataa kufunguka, unampigia simu kumwambia, naye anakujibu kama aliyeonewa. Kwake inafanya, kwako haifanyi, kwa hivyo shida ni wewe.

Mimi naona haya maneno yapigwe marufuku, hasa huku kwetu, na nitawaambia kwa nini. Usikimbie ukisikia habari za kompyuta. Kama umewahi kuhudhuria harusi ya mtaani, iwe Ukunda, Gazi ama Msambweni, hii utaielewa yote, manake shida yenyewe ni ya vyombo vya kuazima.

Sufuria ya mtaa

Shughuli ikitokea, nyumba nyingi hazina sufuria ya kupika pilau ya watu mia tatu. Na hakuna haja kuwa nayo. Kuna kikundi cha akina mama, ama jamaa fulani mtaani, wana vyombo vya shughuli: masufuria makubwa, masinia, viti, turubai. Vinakaa mahali pamoja. Ukiwa na harusi ama matanga unaenda kuazima, unatumia, unarudisha. Na chini ya kila sufuria kuna alama, labda rangi ama herufi zilizochongwa kwa msumari, ili isichanganyike na ya wenyewe.

Programu za kompyuta zinaishi hivyo hivyo. Hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Ukitaka programu yako ihifadhi kumbukumbu, unaazima SQLite. Ukitaka izungumze na seva bila mtu kuchungulia njiani, unaazima OpenSSL. Ukitaka ibane data iwe ndogo, unaazima zlib. Hivi vitu vinaitwa maktaba. Sio za vitabu, ni kazi zilizoandikwa tayari na watu wengine ili wewe usianze upya. Maktaba ya kushirikiwa inakaa sehemu moja kwenye kompyuta, na programu kumi ama mia zinatumia hiyo hiyo moja. Kwenye Linux faili lake utaliona lina .so kwenye jina, Windows ni .dll, Mac ni .dylib.

Sasa sikiliza vizuri. Kutegemea si dhambi. Anayekwambia programu nzuri haitegemei chochote anakudanganya, kama vile anayekwambia ataoza binti yake bila kuazima hata kijiko. Dhambi ni kuficha unachotegemea. Ni kumwalika mtu aje apike kwako, umwambie jiko liko tayari, halafu afike akute mafiga matatu na hakuna sufuria. Ukiulizwa, unajibu, "Lakini kwangu mimi tulipika."

Inavyokwenda ndani

Wengi wetu tunabonyeza tu, hatujui kinachotokea. Acha nikupitishe polepole.

Kuna nyakati mbili tofauti, na ukizichanganya utaumia. Wakati wa kwanza ni wa kujenga programu, pale msimbo uliouandika unageuzwa kuwa faili linaloweza kufanya kazi. Hapa kompaila inataka orodha ya vitu ambavyo maktaba inaweza kufanya, yale mafaili ya .h. Ndio maana kwenye Ubuntu unaweza kuwa na SQLite na bado ujenzi ukakataa. Unayo sufuria, huna karatasi inayosema ni sufuria gani. Hiyo karatasi iko kwenye kifurushi kingine, libsqlite3-dev.

Kompaila ikimaliza, inakuja linka. Linka haichukui maktaba ya kushirikiwa na kuitia ndani ya programu yako. Inaandika jina tu, kama mtu anayeandika kwenye daftari la harusi: "Sufuria yenye alama fulani, tutaazima siku ya siku."

Wakati wa pili ni hiyo siku ya siku, mtu anapofungua programu. Hapo mfumo unasoma lile daftari na kwenda kutafuta. Unapita sehemu zake za kawaida, kama /lib na /usr/lib, na orodha iliyotayarishwa mapema na amri inayoitwa ldconfig. Ukikuta jina, sawa. Usipolikuta, programu inakufa hapo hapo kabla ya kuonyesha hata dirisha. Haina namna ya kukuomba radhi, manake haijaanza hata kuishi.

Na hilo jina lina ujanja wake. Ukichungulia kompyuta yenye Ubuntu utaona SQLite ina majina matatu. Kuna libsqlite3.so, inayotumiwa wakati wa kujenga. Kuna libsqlite3.so.0, ambayo ndiyo alama iliyochongwa chini ya sufuria, na ndiyo inayoandikwa kwenye daftari. Halafu kuna libsqlite3.so.0.8.6, ambalo ndilo faili lenyewe. Ile namba ya kwanza baada ya .so ni ahadi. Inasema: maadamu namba hii haijabadilika, programu za zamani zitaendelea kunitumia bila shida. Waandishi wa maktaba wakivunja kitu, wanabadilisha namba, ili programu ya zamani isije ikaazima sufuria isiyoitosha ikaunguza chakula cha watu.

Kwa hivyo mfumo una akili. Wenye kuuvuruga ni sisi.

Nani analaumiwa

Hapa ndipo roho inaponiuma, na ndio sababu naandika.

Miezi kadhaa nyuma, kwenye banda moja la samaki upande wa Msambweni, waliletewa programu ya kuandika samaki wanaoshuka. Mashua gani imeingia, tasi kilo ngapi, changu kilo ngapi, pweza kilo ngapi, bei ya siku hiyo. Jioni programu inatuma jumla kwenye seva. Sio mchezo hiyo. Mvuvi mwenye rekodi ya miezi sita anaweza kwenda kwenye chama akaomba mkopo wa injini akiwa na kitu mkononi. Asiye na rekodi anaenda na maneno matupu.

Aliyeiandika alikuwa mbali, na alikuwa na nia nzuri. Aliijaribu kwenye mashine yake, yenye Ubuntu 20.04, ikafanya. Akaituma kwa flashi. Laptopu ya banda ilikuwa ya mkono wa pili, lakini aliyeiuza aliitia Ubuntu 22.04. Dada aliyepewa kazi ya kuandika, msichana wa hapo hapo aliyemaliza kidato cha nne, akaifungua mbele ya wazee. Hakikuja kitu. Wakamwita jamaa mmoja wa simu akaifungua kwa terminali, ndipo ikatoka sentensi moja: libssl.so.1.1 haikupatikana.

Kisa chote kiko kwenye hayo majina. Ubuntu 20.04 inakuja na OpenSSL 1.1.1, alama yake libssl.so.1.1. Ubuntu 22.04 iliondoa hiyo ikaja na OpenSSL 3, alama yake libssl.so.3. Daftari lilisema sufuria moja, ghala lina nyingine. Hakuna kilichoharibika, na hakuna aliyekosea kubonyeza.

Lakini banda halikujua hayo. Mzee mmoja akamgeukia yule dada.

"Binti, hiki chombo umekifanya nini?"

"Babu, mimi sijagusa kitu, wallahi."

Wakampigia mwandishi wa programu. Unajua alichojibu? Unajua. "Mbona kwangu inafanya?" Na kwenye lile banda hayo maneno yalisikika hivi: programu ni nzima, binti ndiye kaharibu. Kwa wiki mbili wakarudi kwenye kitabu cha kalamu, na yule dada akawa anaitwa wa kupima samaki tu, sio wa kompyuta.

Nilipofika na rafiki yangu kuangalia, dada hakutaka hata kukaa mbele ya ile laptopu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tegemezi lililofichwa halimwangukii aliyelificha. Linamwangukia mtu wa mwisho, yule aliyeshika mashine mkononi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mwandishi ana cheo na ana maneno ya kitaalamu. Yeye ana kidole chake kwenye kitufe tu.

Dawa za uongo

Watu wa simu hawakosi ushauri. Wa kwanza alisema tutafute hiyo libssl.so.1.1 mtandaoni, tuishushe popote inapopatikana. Hapana! OpenSSL 1.1.1 ilifikia mwisho wa kutunzwa bure tarehe 11 Septemba 2023. Tangu hapo, tundu jipya la usalama likipatikana, wenyewe OpenSSL hawatoi marekebisho ya bure kwa umma. Na maktaba hii ndiyo inayolinda mazungumzo yako na seva. Kuiokota kwenye tovuti usiyoijua ni kama kununua kufuli kwa mtu aliyebaki na ufunguo wa pili.

Wa pili alikuwa na ujanja zaidi. "Chukua libssl.so.3, ipe jina la libssl.so.1.1, kwisha." Kupaka alama mpya chini ya sufuria ndogo hakuifanyi iwe kubwa. Ile namba ilibadilika kwa sababu ndani kumebadilika. Programu itaingia, itaanza kutafuta kazi zilizoandikwa kwa toleo la zamani, haitazikuta, itakufa tena. Na isipokufa mapema ndio mbaya zaidi, manake utakuwa umeihadaa na hujui itaharibu nini.

Dawa ya kweli ilikuwa moja: kuijenga upya kwenye mfumo utakaoitumia. Tukaomba msimbo, na jamaa, nimpe haki yake, akautuma bila maneno mengi. Tukakaa Ukunda kwenye mashine yenye 22.04. Maelezo ya kujenga yalikuwa na neno moja tu: make. Tukaandika make. Ikakataa, haina sqlite3.h. Tukawasha hotspoti, tukashusha kifurushi. Make tena. Ikakataa, haina mafaili ya OpenSSL. Tukashusha. Make tena. Ikakataa, haina libcurl. Kila hatua ni bando, kila hatua ni kukisia kifurushi kinaitwaje. Kujenga kwenyewe kulichukua chini ya dakika moja. Kukisia kulichukua jioni nzima.

Mistari mitatu kwenye maelezo ingetuokolea ile jioni, na ingemwokoa yule dada na wiki mbili za kuangaliwa vibaya.

Mtandao nao ni tegemezi

Kuna wanaosema shida hii imeshatatuliwa. Siku hizi mifumo ya kujengea programu inashusha yenyewe kinachokosekana. CMake ina FetchContent, Meson ina wrap, na ukija kwenye Python na JavaScript ndio usiseme. Unabonyeza, inashuka, maisha yanaendelea.

Ni kweli, na mimi natumia. Lakini angalia kilichotokea tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwa majirani. Kama ujenzi wako unashusha vitu kila mara, basi na zile nyaya ziko kwenye orodha ya tegemezi zako, hata kama hukuziandika. Na huhitaji bahari kukatika. Bando kuisha siku ya Jumapili inatosha.

Ndio maana Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ina sheria kwamba vifurushi vyake vikuu visiguse mtandao wakati wa kujengwa. Kila kinachohitajika kitajwe kabla, kiwekwe kabla, ndipo kazi ianze. Wale hawakuifikiria Msambweni walipoandika ile sheria, lakini inatufaa kana kwamba wameifikiria. Na CMake na Meson zote zina namna ya kuzuia ushushaji. Kwa Meson, jenga ukiwa na --wrap-mode=nodownload. Kama ujenzi unakufa, umegundua leo, ukiwa na bando, kitu ambacho mwenzako angekigundua kesho bila bando.

Sisi wa pwani ya kusini hili si la kufundishwa. Miaka yote ukipanga jambo Mombasa unasema, "Tumehesabu na feri?" Hakuna anayekulaumu kwa kuvuka Likoni. Utalaumiwa ukiwaambia wageni wa harusi waje saa nne na hukuwatajia kwamba kuna maji katikati. Na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, kwa hivyo mwenye kupanga vizuri anataja na njia ya pili. Hiyo ndiyo tabia ninayoiomba kwenye programu.

Rafiki wa rafiki

Kuna ubaya mwingine, wa tegemezi za tegemezi. Wewe umeazima kwa jirani, kumbe jirani naye ameazima kwa mtu usiyemjua.

Mwezi Machi 2024, mhandisi anayeitwa Andres Freund aliona kitu kidogo sana. Kuingia kwenye mashine kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Mwingine angeacha. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu kwamba maktaba ya kubana mafaili, liblzma, inayotoka kwenye mradi wa xz, ilikuwa imetiwa mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Sasa jiulize, SSH na kubana mafaili wapi na wapi? SSH yenyewe haikuomba liblzma. Baadhi ya mifumo ya Linux ilikuwa imeiunganisha SSH na libsystemd kwa kazi nyingine ndogo, na libsystemd ndiyo iliyokuwa ikiiomba liblzma. Rafiki wa rafiki. Na sehemu kubwa ya ule ubaya ilifichwa kwenye mafaili ya majaribio, ikatolewa na hati za kujengea zilizokuwa kwenye vifurushi vilivyotolewa kwa umma. Yaani uliingia kupitia ujenzi. Mfumo wa kujenga programu, ule tunaouona ni kazi ya kuchosha isiyo na maana, ndio mlango waliouchagua.

Uzuri ni kwamba uligunduliwa kabla haujaenea kwenye matoleo ya Linux ambayo watu wengi wanatumia. Lakini funzo limebaki: usipojua unachotegemea, hata aliyeingia nyumbani kwako humjui.

Si tubebe kila kitu basi?

Najua mtaniuliza hili. Kama kuazima kuna matatizo hivi, si kila programu ije na sufuria zake? Inawezekana. Unaweza kuitia maktaba ndani ya programu yako moja kwa moja, isitafute kitu nje. Unaweza kufungasha kila kitu kwa Flatpak, AppImage ama Docker. Hiyo ni kama kuita watu wa kupika waje na jiko lao, masinia yao na kuni zao.

Ina raha yake, lakini kuna gharama mbili. Ya kwanza ni uzito. Programu ya megabaiti chache inakuwa ya mamia, na kuna mtu atakayelipia hizo megabaiti kwa bando lake. Ya pili ndiyo kubwa. Kumbuka Aprili 2014, lilipotangazwa tundu la OpenSSL lililopewa jina la Heartbleed. Kwenye mashine zilizotumia maktaba ya kushirikiwa, ulisasisha sufuria moja, ukaanzisha programu upya, na zote zilizokuwa zikiiazima zikapata marekebisho. Lakini programu iliyobeba OpenSSL yake tumboni ilibidi mwandishi wake aijenge upya na kuituma upya. Na kama mwandishi ameshaenda zake kwa kazi nyingine? Tundu linabaki pale pale, ndani ya programu unayoiamini.

Kwa hivyo mimi msimamo wangu ni huu. Kitu cha usalama, kinachohitaji marekebisho kila mara, kiache kwa mfumo, uazime. Kitu kidogo, kilichotulia, ambacho wenyewe wamekitengeneza ili kibebwe, kibebe. SQLite, kwa mfano, inatolewa pia ikiwa faili moja kubwa la C unaloweza kuliweka ndani ya mradi wako, na haina masharti ya leseni ya kukusumbua. Kwa ile programu ya samaki tulifanya hivyo hivyo. SQLite tukaibeba. OpenSSL na libcurl tukaziacha kwa mfumo, tukazitaja kwa majina. Lakini uamuzi uwe uamuzi. Usiache mambo yajiamulie halafu useme kwako inafanya.

Ninachoomba

Kama unaandika programu, hata ya darasani, hata ya kuhesabu kuku wa bibi yako, fanya haya kabla ya kumpa mtu.

Uliza programu yako yenyewe inamtegemea nani. Kwenye Linux andika ldd ikifuatiwa na jina la programu, utaona orodha na kila maktaba ilipopatikana. Hiyo ni kwa programu yako unayoiamini. Kama ni ya mtu usiyemjua tumia readelf -d, manake ldd wakati mwingine inaweza kuiendesha hiyo programu, nawe hukutaka hivyo.

Taja tegemezi ndani ya mfumo wa kujengea, sio kichwani mwako. CMake ina find_package, Meson ina dependency, na ukiwa na Makefile ya kawaida pkg-config itakusaidia. Ukifanya hivyo, anayekosa kitu ataambiwa mwanzoni, kwa jina, badala ya kutupiwa mistari hamsini ya makosa.

Taja na toleo. Alama chini ya sufuria haisemi kila kitu. SQLite bado ni libsqlite3.so.0 ile ile, lakini ukitumia neno RETURNING kwenye maswali yako unahitaji 3.35 kwenda juu, na Ubuntu 20.04 ina 3.31. Alama ni moja, na bado itakukataa.

Halafu ijaribu mahali pasipo kwako. Mashine ya rafiki ama mfumo mpya usio na kitu, mradi isiwe ile laptopu yako ambayo kwa miaka miwili umekuwa ukiiwekea vitu na kusahau.

Na mtu akikupigia kukwambia imekataa, meza yale maneno matatu. Muulize, "Imeandika nini? Unatumia mfumo gani? Toleo gani?" Kwa hayo maswali utakuwa umemwambia kwamba humshuku yeye.

Yule dada amerudi kwenye kompyuta, kwa habari yenu. Kwenye jalada la daftari lake ameandika kwa kalamu nyekundu vitu ambavyo programu inahitaji, na toleo la Ubuntu la ile laptopu. Fundi mwingine akija kubadilisha kitu, anamwonyesha kwanza lile jalada kabla hajamruhusu kugusa. Hakusomea hii kazi popote, na orodha yake ni bora kuliko ya wengi wanaolipwa kuifanya. Wewe yako iko wapi?